Wataalamu wa Sumu na Heshima Waliyopewa

Jioni hii twataka kuwasimulia habari za watu waliopewa nishani za dhahabu na vyeo vya heshima kwa ajili ya sumu. Msishtuke. Hawakumwekea mtu sumu chakulani. Walitumia maisha yao kuzijua tabia zake: huingia mwilini kwa njia gani, hushika kiungo gani kwanza, huua kwa kipimo gani, na huzuiwa na nini.

Twajua ya kuwa habari hii ni ngeni kwa wengi. Katika chuo tunachofundishia walimu, siku tulipoitaja mara ya kwanza, kijana mmoja wa upande wa kusini alisimama akasema, "Mwalimu, kwetu sisi mtu ajuaye sumu hapewi zawadi. Majirani huhama." Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, maana alisema kweli. Kijana yule alitoka katika nchi ambako habari za mwavi zingali zasimuliwa: gome la mti lililosagwa na kutiwa majini, akanyweshwa mtu aliyeshtakiwa uchawi. Akitapika, ameshinda. Akifa, basi imekwisha thibitika kwamba alikuwa mchawi, na hapana wa kumtetea tena.

Kiapo cha namna hiyo hakikuwa cha upande wetu peke yake. Huko Calabar, katika nchi iitwayo leo Nijeria, Waefik walikuwa na haragwe kubwa la rangi ya hudhurungi, wakaliita esere. Mmea wake hutambaa juu ya miti kandokando ya mito. Mtu aliyeshtakiwa alilazimishwa kuyala maharagwe hayo mbele ya watu. Wengine walitapika wakapona, wengi walikufa. Wataalamu waliokuja baadaye walifikiri ya kuwa mtu mwenye moyo safi aliyameza upesi bila hofu, tumbo likayakataa yote kwa mara moja; na mwenye hofu alikula kidogo kidogo, sumu ikapata nafasi ya kuingia katika damu. Fikira hiyo ni nzuri kuisikia, lakini sisi twaona haifai kuitegemea sana. Mtu asiye na kosa naye huogopa, tena huogopa sana.

Mwaka 1846 wamisionari wa Kiskoti walifika Calabar. Walikipinga kiapo kile, na pamoja na kukipinga walifanya jambo jingine lililozaa matunda makubwa: maharagwe yalipelekwa kwao Uskoti, katika mji wa Edinburgh, ili wenye elimu wayachungue. Yakafika mikononi mwa Profesa Robert Christison.

Kabla ya kueleza alilolitenda Christison, yatupasa kumtaja mwalimu wake. Mathieu Orfila alizaliwa mwaka 1787 katika kisiwa cha Menorca, akaenda Paris kujifunza utabibu na kemia. Mwaka 1814 alianza kutoa kitabu kikubwa juu ya sumu. Kabla yake madaktari walijua habari za sumu kama wazee wajuavyo habari za mvua, kwa kuzoea tu. Yeye alizipima moja moja, akaonyesha ya kuwa sumu haikai tumboni tu, bali huenda hata katika ini na viungo vingine, na humo yaweza kutafutwa hata baada ya mtu kuzikwa. Toka hapo hakimu aliweza kuuliza swali, na mtu wa elimu akaweza kumjibu kwa kitu kinachoonekana kwa macho. Christison alijifunza kwa Orfila, akarudi kwao, na mwaka 1822 akawekwa kuwa profesa wa elimu ya utabibu ihusuyo mambo ya mahakama. Kitabu chake mwenyewe juu ya sumu kilitoka mwaka 1829.

Wakati huohuo katika Uingereza alikuwako James Marsh, mfanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Woolwich. Aliitwa mahakamani kuonyesha aseniki iliyotiwa katika kahawa ya mzee mmoja. Aliiona, lakini ushahidi wake uliharibika kabla ya wazee wa baraza kuutazama, na mshtakiwa akaachiliwa. Marsh alichukizwa sana. Akafanya kazi mpaka mwaka 1836 akatoa chombo cha kioo ambacho hata chembe ndogo ya aseniki huonekana ndani yake kama doa jeusi ling'aalo. Chama cha Sanaa cha London kikampa nishani yake kubwa ya dhahabu. Alipokufa mwaka 1846 mkewe na watoto waliachwa katika umaskini. Nishani haisagwi ikawa unga.

Sasa turudi Edinburgh. Mwaka 1855 Christison alikuwa mtu mzima anayekaribia miaka 60, mwenye sifa, tena daktari wa Malkia katika Uskoti. Alikuwa na haragwe la Calabar mezani, naye akataka kujua lafanya nini katika mwili wa mtu. Usiku mmoja alikula sehemu ya nane ya haragwe moja. Asubuhi, alipoona kwamba halikumdhuru sana, akala robo yake. Haukupita muda kichwa kikamzunguka na viungo vikalegea. Akatambua kwamba amepita kiasi. Karibu naye palikuwa na maji aliyonyolea ndevu, yenye sabuni. Akayanywa yote ili atapike. Akatapika. Hata hivyo moyo wake ulidhoofika ukapiga bila mpango, uso ukampauka, nao madaktari wenzake wakaitwa. Katika hali hiyo akili yake ilikuwa timamu, akaangalia yote yanayompata ili ayaandike. Alipata usingizi, na siku ile ikapita, akapona.

Wanafunzi wetu hupenda sana habari ya maji ya kunyolea, na sisi hatuwakatazi kucheka. Lakini mtu asifuate mfano ule. Christison alijua dawa za kutapisha na alikuwa na madaktari mtaa wa pili, na hata hivyo alikaribia kaburi. Mwaka 1871 alipewa cheo cha "Baronet", ambacho mwana hurithi kwa baba. Alikufa mwaka 1882.

Mtu aliyeichukua kazi ile mbele alikuwa Thomas Richard Fraser. Alizaliwa Calcutta katika Bara Hindi mwaka 1841, akasomea utabibu Edinburgh. Mwaka 1862, alipokuwa kijana wa miaka 21, alitoa maandiko yake ya kumaliza masomo, na habari yake ilikuwa hilohilo haragwe la Calabar. Akapewa nishani ya dhahabu ya chuo. Yeye hakulila. Alifanya majaribio mengi kwa utaratibu, kwa vipimo vilivyoandikwa, akayajua mambo mawili makubwa. La kwanza, haragwe lile hulegeza nguvu za mwili kwa kushika mishipa ya fahamu, hata pumzi ikasimama. La pili, maji yake yakidondoshwa jichoni, mboni hujikaza ikawa ndogo kama tundu la sindano.

Jambo hili la pili lamtosha mtu kusimama akafikiri. Daktari wa macho Argyll Robertson, wa mji uleule, alisikia habari zake, akajaribu dawa ile katika jicho lake mwenyewe mwaka 1863. Mwaka 1876 Ludwig Laqueur akaitumia kutibu ugonjwa ambao maji ya ndani ya jicho huongezeka mkazo hata nuru ikafa. Kumbe haragwe lililowaua watu wa Calabar kwa shitaka la uchawi sasa lilikuwa likiwazuilia wengine upofu. Lugha yetu yalijua jambo hili toka zamani, maana neno letu "dawa" twalitumia kwa kitu cha kuponya na twalitumia kwa kitu cha kuulia panya.

Baadaye Fraser alipima vita baina ya sumu mbili. Alitwaa sumu ya haragwe na sumu nyingine iitwayo atropini, itokayo katika mmea wa Ulaya, akaonyesha kwa hesabu za kiasi na saa ya kuwa moja yaweza kuizuia nyingine isiue. Watu wengi walikuwa wamesema maneno ya namna hiyo kwa kubahatisha. Fraser alipima.

Hapa twaomba ruhusa ya kutoka Edinburgh kidogo, maana ndipo jambo hili linapoingia mlangoni mwetu. Baadhi ya dawa zinyunyizwazo leo juu ya pamba, kahawa na mboga ili kuua wadudu hufanya kazi kwa njia ileile ya haragwe la Calabar, na kundi moja la dawa hizo lilitengenezwa kwa kuuiga umbo wa ile sumu yake. Tulipokuwa tukifundisha katika shule ya kijiji, mtoto wa jirani alikunywa dawa ya mimea iliyowekwa katika chupa ya soda chini ya kitanda. Tulipomfikia mate yalimtoka kama povu, macho yalimtoka machozi, mboni zilikuwa ndogo sana, na misuli ilimcheza-cheza chini ya ngozi. Baba yake alimchukua kwa baiskeli mpaka zahanati, nasi tukifuata nyuma. Mganga wa zahanati alimtazama macho, hakuuliza maneno mengi, akamchoma sindano ya atropini, kisha nyingine, kisha nyingine tena, akamtafutia gari la kwenda hospitali kubwa. Mtoto yule alipona, naye leo ana watoto wake. Wakati ule hatukulijua jina la Fraser. Tulilikuta kitabuni miaka mingi baadaye, tukaweka kitabu chini kwa muda.

Fraser alimrithi Christison katika kiti cha uprofesa mwaka 1877, akakikalia mpaka 1918. Katika mwaka ule wa 1877 alichaguliwa kuwa mmoja wa wenye elimu wa Royal Society ya London, na mwaka 1902 akapewa cheo cha "Sir". Lakini kazi yake iliyomwongezea sifa kupita zote ilitoka upande wetu wa Afrika, na wasikilizaji wa Unguja watalisikia hapa jina wanalolijua.

Daktari John Kirk, naye mtoto wa Uskoti aliyesoma Edinburgh, alifuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858. Katika bonde la mto Shire waliwaona wawindaji wakipaka mishale yao sumu iitwayo kombe. Kirk alichukua kidogo akakitia mfukoni pamoja na mswaki wake. Siku moja, akiwa na mafua na mapigo ya mshipa yakienda mbio, alipiga mswaki, akaonja uchungu. Hakuujali, akidhani ni kwinini, kwa kuwa alikuwa na desturi ya kuonja kwinini kwa mpini wa mswaki uleule. Mara mapigo yake yakapungua. Akaelewa. Sumu ya mshale huushika moyo, na chembe yake ndogo huutuliza.

Kirk huyu ndiye aliyekaa Unguja kwa miaka mingi tangu 1866, akawa balozi wa Uingereza, na katika siku zake Sultani Sayyid Barghash alitia sahihi mapatano ya tarehe 5 Juni 1873, soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mbegu za kombe zilipelekwa Uingereza. Daniel Oliver wa bustani ya Kew aliupa mmea ule jina la kitaalamu, Strophanthus kombe. Fraser akaichungua sumu yake kwa miaka mingi, na mwaka 1885 akawaeleza madaktari wenzake ya kuwa yaweza kuwa dawa ya moyo uliochoka. Ikawa dawa kweli. Mwaka 1906 Mjerumani Albert Fraenkel akaanza kuitia mshipani kwa sindano, na madaktari wa Ujerumani waliitumia kwa miaka mingi. Sumu nyingine ya mishale, ya mti umeao katika Afrika ya Mashariki, ilichunguzwa Paris na Arnaud mwaka 1888. Jina lake la kitaalamu, uabaini, limetoka katika lugha ya Kisomali.

Turudie haragwe, maana safari yake haikuishia kwa Fraser. Mwaka 1921 Otto Loewi, katika mji wa Graz wa Austria, alionyesha ya kuwa mshipa wa fahamu huuamuru moyo kwa kuutolea kitu cha kemia. Kisha akaonyesha kwamba mwilini mna kitu kingine kinachokifuta kile mara kinapomaliza kazi, na kwamba sumu ya haragwe humzuia huyo mfutaji. Hivyo amri ya mshipa haikomi. Ndiyo sababu mate hutoka, mboni hukaza, misuli hucheza na mwisho hulegea. Mwaka 1936 alipewa Zawadi ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale. Loewi alikuwa Myahudi. Mwaka 1938 Wanazi walipoishika Austria walimtia gerezani, na kabla ya kumruhusu kuondoka wakamlazimisha kuwakabidhi fedha ya zawadi.

Mwaka 1934 Daktari Mary Walker, mwanamke wa Uskoti, alifanya kazi katika hospitali ya Greenwich. Alikuwa na mgonjwa ambaye kope zilianguka na misuli ililegea siku hata siku. Akakumbuka ya kuwa hali ile yafanana na ya mtu aliyechomwa mshale wenye sumu ya Amerika ya Kusini iitwayo kurare, na ya kuwa sumu ya Calabar huizuia sumu hiyo. Akamchoma mgonjwa sindano ya dawa ya haragwe, na kope zikafunguka. Mwaka 1935 chuo cha Edinburgh kilimpa nishani ya dhahabu kwa maandiko yake. Miaka 73 ilikuwa imepita tangu chuo hichohicho kimpe Fraser nishani kwa haragwe hilohilo.

Na katika mwaka ule wa 1935, huko Marekani, Percy Julian alifaulu kuitengeneza dawa ile katika maabara, bila haragwe lolote, pamoja na mwenziwe Josef Pikl. Profesa mashuhuri wa Oxford alikuwa akiitafuta njia hiyohiyo, lakini Julian ndiye aliyefika. Julian alikuwa mtu mweusi, aliyezaliwa mwaka 1899 Alabama, na babu yake alikuwa mtumwa. Husimuliwa ya kuwa babu huyo alikatwa vidole viwili kwa kosa la kujifunza kusoma na kuandika. Mjukuu alipata udaktari wa kemia Vienna mwaka 1931. Baada ya kazi ile iliyosifiwa ulimwenguni, chuo cha DePauw alichokuwa akifanyia kazi hakikumpa uprofesa, kwa sababu ya rangi yake. Akaenda kufanya kazi katika kiwanda. Aliponunua nyumba katika mji wa Oak Park, watu walijaribu kuichoma moto mwaka 1950, na mwaka 1951 wakaitupia baruti. Heshima zilimjia zimechelewa: mwaka 1973 akachaguliwa katika chama kikuu cha wenye elimu cha Marekani, naye akafa mwaka 1975. Mwaka 1980 DePauw iliita jengo lake la sayansi kwa jina lake. Mwaka 1993 sura yake ikatiwa katika stempu ya posta.

Siku hizi wataalamu wa sumu wana vyama vyao. Kile cha Marekani kiliundwa mwaka 1961, nacho hutoa tuzo kwa mtu aliyeitumikia elimu hii maisha yake yote. Majina hutangazwa na watu hupiga makofi. Tulipofika hapo katika somo letu, yule kijana wa kusini alisimama tena. Aliuliza, "Na yule mwindaji wa Shire aliyempa Kirk ile sumu, alipewa nini?"

Tulimjibu kwamba katika orodha za nishani hayumo, wala wazee wa Calabar waliolijua esere hawamo. Kilichobaki ni neno moja la wawindaji wale, kombe, katika jina la mmea, nalo huandikwa hivyo mpaka leo katika bustani na vitabu vya mimea vya nchi zote. Akaliandika daftarini mwake, akauliza kama herufi ya mwisho ni e au i. Tukamwambia ya kuwa Livingstone alisikia i, na Oliver akaandika e.